Kidonda, utando au doa? Ulinganisho wa maradhi ya ndani ya kinywa kabla hujanunua dawa

Ukiingia duka la dawa mjini Lamu, iwe Langoni au Mkomani, ukasema "nina vidonda mdomoni", hutoki mikono mitupu. Utapewa jeli ya kupaka, au vidonge vya antibiotiki, au vyote viwili. Muuzaji amejibu alichoulizwa. Tabu ni kwamba maradhi ya nyama laini za kinywa, yaani midomo, mashavu kwa ndani, ulimi, fizi na kaakaa, yanafanana sana kwa macho, na dawa inayotuliza moja huweza kulichochea jingine. Steroidi ya kupaka, dawa ya kutuliza uvimbe inayopoza kidonda cha kawaida, huwapa virusi na kuvu nafasi ya kuenea. Antibiotiki haigusi kidonda cha kawaida wala virusi, na kwa mwenye kuvu huzidisha kuvu. Kwa hiyo nimeyaweka maradhi haya mawili mawili, yale yanayochanganywa zaidi, ili ujue lipi utalitibu nyumbani na lipi lakutaka uende hospitali leo.

Kwanza jitazame vizuri. Nyumba zetu za mawe zina giza mchana, na taa ya chumbani hufanya kila kitu kiwe cha manjano. Toka na kioo ukae dakani, jua likupige usoni. Sukutua kwa maji mpaka yatoke meupe, maana mabuyu humfanya mtoto awe na ulimi mwekundu kama mgonjwa, na tambuu hufunika kila kitu kwa rangi yake. Osha mikono, vua meno ya bandia kama unayo. Pindua mdomo wa chini kisha wa juu, vuta mashavu, shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi uuvute kulia halafu kushoto, kisha uinue utazame chini yake. Pande za ulimi na sakafu ya kinywa ndipo watu wasipopatazama, na ndipo penye hatari zaidi.

Kidonda cha kawaida au malengelenge ya virusi?

Hawa wawili ndio wanaochanganywa kila siku. Kidonda cha kawaida hutokea kwenye nyama laini inayochezacheza: ndani ya mdomo, ndani ya shavu, chini ya ulimi. Huwa cha mviringo, katikati cheupe au cha manjano hafifu, pembeni kimezungukwa na wekundu. Kinauma kuliko ukubwa wake, hasa ukikutana na ndimu, ukwaju au embe bichi la pilipili. Hakiambukizi.

Malengelenge ya virusi vya hepesi, ambayo wengi huyaita homa iliyotokea mdomoni, huanza kwa kuwasha na kuchonyota mahali ambapo bado hapana kitu. Baada ya muda hutoka vijilengelenge vilivyosongamana, mara nyingi ukingoni mwa mdomo kwa nje. Hupasuka, hutoa maji, hufanya gamba. Haya yanaambukiza kwa busu, kwa kikombe cha pamoja na kwa kidole.

| | Kidonda cha kawaida | Malengelenge ya hepesi |
|---|---|---|
| Mahali | Ndani, kwenye nyama laini | Ukingo wa mdomo; pia fizi na kaakaa gumu |
| Mwanzo wake | Kidonda moja kwa moja | Kuwasha, kisha malengelenge |
| Kuambukiza | Hapana | Ndiyo |
| Kupona | Siku 7 hadi 14 | Siku 7 hadi 10 |
| Dawa | Maji ya chumvi, dawa ya ganzi, steroidi ya kupaka | Asiklovia, ikianzwa mapema |
| Usitumie | Antibiotiki | Steroidi ya kupaka |

Kidonda cha kawaida kidogo, kisichofika sentimita 1, hupona chenyewe bila kuacha kovu. Maji ya chumvi na jeli ya ganzi kabla ya kula vinatosha. Vikikuandama kila mwezi, jeli yenye steroidi kama triamsinoloni hufupisha maumivu, ila ianze siku ya kwanza unapohisi kinachoma. Na vinavyorudirudi vina sababu: upungufu wa madini ya chuma, foliki au vitamini B12, mawazo, kujiuma, au dawa ya mswaki yenye povu jingi, ile yenye sodiamu lauri salfeti. Kabla ya kununua jeli ya tatu, afadhali upime damu. Vile vikubwa vinavyozidi sentimita 1 huweza kukaa wiki kadhaa na kuacha kovu, na hivyo ni vya daktari.

Kwa malengelenge, wakati ndio kila kitu. Krimu ya asiklovia ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 5, na faida yake hupatikana pale inapoanza kuwasha, kabla ya gamba. Ukisubiri mpaka likauke umenunua mafuta tu. Osha mikono baada ya kupaka, na usiguse jicho, kwani virusi hivi vikiingia jichoni vinaweza kuharibu kioo chake.

Mtoto mdogo anapoambukizwa mara ya kwanza huumwa kweli. Homa kali, fizi nyekundu zilizovimba, vidonda kila mahali, mate yanachuruzika, hataki hata maji. Watu husema ni meno yanaota, lakini kuota meno hakuleti homa kali wala malengelenge. Kinachomdhuru haraka ni kukosa maji mwilini, hasa joto la kaskazi linapochanganyika na homa. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, maji ya dafu au uji wa baridi kidogo kidogo kwa kijiko, na umfikishe kwa daktari ndani ya siku 3 za mwanzo, wakati asiklovia bado inasaidia. Asprini asipewe mtoto kabisa.

Mweupe unaofutika na mweupe usiofutika

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake dukani, mtoto wa miezi miwili. "Mwanangu, nipa dawa ya ulimi, huyu ulimi wake mweupe tangu juzi." Mfamasia hakugusa rafu. "Bi mkubwa, hebu tumpanguse kwanza." Akachovya kitambaa kwenye maji yaliyochemshwa, akazungusha kidoleni, akapitisha ulimini taratibu. Weupe ukatoka wote, ulimi ukabaki wa pinki safi, na mashavuni hamkuwa na kitu. "Maziwa hayo, bi mkubwa. Rudi naye nyumbani salama." Dawa haikuuzwa.

Ingekuwa kuvu, utando ungeng'ang'ania, na si ulimini peke yake. Mashavuni na kaakaani pia kungekuwa na madoa kama maziwa ya mgando. Ukifuta kwa nguvu kidogo, chini huwa pekundu, pengine panatoa damu. Kwa mtoto mchanga dawa ni nistatini ya matone, mililita 1 mara 4 kwa siku baada ya kunyonya, ikipakwa pande zote, na iendelee siku 2 baada ya utando kwisha. Chuchu za mama zitibiwe wakati huohuo, la sivyo wanaambukizana. Jeli ya mikonazoli ni dawa nzuri, lakini kwa mtoto chini ya miezi 4 ni nzito na inaweza kumkaba koo. Kwa mtu mzima anayemeza wafarini ya kulainisha damu, jeli hiyohiyo huweza kuleta kutokwa damu kwa hatari, ingawa inapakwa tu mdomoni. Mwambie muuzaji dawa zako zote, hata ukiona hazihusiani.

Mtu mzima hapati kuvu mdomoni bure. Huenda ametoka kumaliza antibiotiki, au anavuta dawa ya pumu ya steroidi bila kusukutua baadaye, au analala na meno ya bandia. Hayo yakirekebishwa, kuvu haina pa kukaa. Lakini kama hakuna lolote kati ya haya, pima sukari na upime virusi vya ukimwi. Naandika hivi bila kumtilia mtu shaka. Utando mdomoni mara nyingi ndio dalili ya kwanza mwili kuonyesha, na aliyejua mapema huanza matibabu akiwa bado na nguvu.

Sasa upande wa pili: doa jeupe lisilofutika. Halitoki kwa kitambaa, haliumi, na kwa sababu haliumi linaachwa. Hapa sina budi kuzungumzia tambuu.

Tambuu ni heshima yetu. Iko kwenye harusi, iko kwenye baraza za wazee, na mama zetu wengi hawamalizi alasiri bila kuweka kipande shavuni. Lakini ndani ya jani mna popoo, mna chokaa, na kwa wengi mna tumbaku. Tumbaku kila mtu anajua ubaya wake, na ndiyo maana wapo wanaosema, "Mimi natafuna tupu, sitii tumbaku." Popoo peke yake, bila tumbaku, imetajwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2004, kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Na kabla haijafika huko hufanya jambo jingine: nyama ya shavu hukauka na kuwa ngumu, rangi hupauka, ndani hutokea kama kamba unazoweza kuzigusa kwa kidole. Mtu huanza kwa kulalamika kuwa pilipili imekuwa kali, hata mchuzi wa nazi wa kawaida unamchoma. Baadaye kinywa hakifunguki. Jipime: weka vidole vitatu vyako mwenyewe, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Visipoingia vyote, nenda ukaonwe. Ugumu huu haurudi nyuma ukishaingia. Kuacha popoo huzuia mengi yasiongezeke, na mazoezi ya kufungua kinywa pamoja na dawa husaidia kiasi, lakini shavu halirudi kuwa la zamani.

Miraa na muguka si sawa na popoo, na si haki kuviweka kapu moja. Hukausha mate, na upande unaotafunia huweza kuwa mweupe na kukunjamana. Fizi za upande huo huathirika, na sukari ya soda wanayoshushia huozesha meno. Ushahidi wa miraa kuleta saratani ya kinywa si wa nguvu kama ule wa popoo na tumbaku. Ushauri wangu kwa mtafunaji wa kimoja au kingine ni mmoja: doa jeupe lililobaki wiki 2 baada ya kuacha kutafuna upande ule lionwe na daktari. Doa jekundu kama mahameli, lisilo na sababu, au lililochanganya wekundu na weupe, lisisubiri hata wiki hizo. Jekundu ni la hatari kuliko jeupe.

Kidonda cha jino kali na kidonda cha saratani

Jino lililovunjika, au sahani ya meno ya bandia isiyokaa sawa, hukwaruza ulimi au shavu mahali palepale kila siku. Kidonda hutokea, kinauma, na ukitazama unaona jino lenyewe limekabiliana nacho. Dawa ya kupaka haisaidii kitu jino likiendelea kukata. Daktari wa meno hulisugua kwa dakika chache au huling'oa, na kidonda hufunga ndani ya wiki 2.

Kisipofunga, basi pengine jino lilikuwa linasingiziwa. Kidonda cha saratani mara nyingi hakiumi mwanzoni. Kingo zake zimeinuka, na ukikigusa chini yake ni pagumu. Huwa upande wa ulimi au sakafuni mwa kinywa, na kwa watafuna tambuu huwa shavuni. Kikikua huleta jino linalocheza bila sababu, ganzi ya mdomo wa chini, maumivu yanayokwenda sikioni, au kivimbe kigumu shingoni. Kanuni ambayo madaktari wa kinywa hufuata ni hii: kidonda chochote kilichopita wiki 3 bila kupona, kinauma kisiume, kikatwe kipande kipimwe. Andika tarehe kwenye kalenda siku ulipokiona, kwa sababu kila mtu akiulizwa hujibu "siku si nyingi".

Fizi, kwa kifupi

Fizi zinazotoa damu ukipiga mswaki, zimevimba kidogo, haziumi: huo ni uchafu uliogandana. Watu wakiona damu huacha kupiga mswaki, na ndipo hali inapozidi. Piga mara 2 kwa siku, mswaki laini, dawa yenye floraidi. Aliyezoea mswaki wa mti na autumie, mradi aufikishe hadi ukingo wa fizi na nyuma ya meno. Wajawazito hupata hali hii zaidi, na kivimbe chekundu kikiota kwenye fizi wakati wa mimba aghalabu hunywea baada ya kujifungua.

Ikiwa fizi zimeanza kuuma ghafla, nyama ya katikati ya meno imelika kama iliyomegwa, na kinywa kinanuka mpaka mwenyewe unasikia, hilo ni jambo jingine. Hapo antibiotiki ina kazi yake, kwa kawaida metronidazoli, pamoja na kusafishwa fizi na mtaalamu. Kwa mtoto aliyekonda, au aliyetoka kwenye surua, kidonda cha fizi chenye harufu mbaya na shavu linalovimba ni dharura ya siku hiyohiyo. Ugonjwa huo, noma, hula uso ndani ya siku chache. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukikamatwa mwanzoni hutibika kwa antibiotiki na chakula.

Yasiyohitaji dawa

Fizi nyeusi au za madoa meusi tangu utoto ni rangi yetu tuliyoumbwa nayo. Ulimi wenye mabaka mekundu yaliyozungukwa na mstari mweupe, yanayohama kutoka wiki hii hadi ile, hauna madhara. Epuka tu kinachouchoma. Vipele vidogo vya manjano ndani ya mashavu ni tezi za mafuta. Kivimbe laini cha maji kwenye mdomo wa chini, kinachopasuka na kurudi, hutokana na tezi ya mate iliyoumwa na meno. Usikitumbue kwa sindano, kwani kitarudi. Daktari hukitoa pamoja na tezi yake kwa upasuaji mdogo.

Na kimeo si ugonjwa. Naliandika hili kwa uchungu, maana bado wapo wanaompeleka mtoto anayekohoa akakatwe kimeo, na wanaochimba fizi za mtoto mwenye kuharisha wakitafuta meno ya plastiki. Kikohozi kinatoka kifuani au puani, na kuharisha kunatoka tumboni. Kile kinachoonekana cheupe kwenye ufizi wa mtoto ni jino lake halali likingoja kutoka. Kisu hicho huleta kutoka damu, pepopunda na maambukizi ya damu, na ugonjwa uliompeleka unabaki palepale bila kutibiwa.

Dawa za nyumbani na za dukani, ipi kwa lipi

Maji ya chumvi hufaa karibu kwa yote: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji safi ya vuguvugu, sukutua na uteme, mara 4 au zaidi kwa siku. Tumia maji ya kunywa, usitumie ya kisima cha chumvi. Klorheksidini ya asilimia 0.2, dawa ya kusukutua na kutema, inazuia kidonda kisiingie vijidudu na inasaidia fizi, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni. Isikutane na dawa ya mswaki, acha nusu saa katikati, na wapenzi wa chai ya rangi na kahawa wajue kwamba hupaka meno rangi ya kahawia; ni dawa ya siku chache tu.

Mafuta ya karafuu yana ganzi ya kweli kwa jino, lakini yakiwekwa matupu juu ya kidonda huunguza. Asprini iliyobanwa kwenye ufizi huunguza vibaya zaidi: nyama hugeuka nyeupe na kumenyuka, kisha mtu anakuja akidhani amepata ugonjwa mpya. Asali inatuliza, ila asipewe mtoto chini ya mwaka 1. Dawa ya rangi ya zambarau bado hutumika kwa vidonda na kuvu za watoto, lakini iwe hafifu, ile ya asilimia 0.25, ya nguvu zaidi huunguza, na kwa mtu mzima rangi yake hufunika doa ambalo daktari alipaswa kuliona.

Kati ya kuchagua duka la dawa na hospitali, mimi hupima hivi: kidonda kidogo kilichoanza wiki hii, homa hakuna, unakula na kunywa, duka latosha. Kilichopita wiki 2, au chenye homa, uvimbe wa shingo, kushindwa kumeza, au kinachomhusu mtoto asiyekunywa, ni cha hospitali. Uvimbe chini ya taya unaoinua ulimi na kubana pumzi hausubiri kesho. Aliye Lamu mjini ana hospitali ya King Fahd hapohapo. Wa kisiwa cha Pate aanze Faza, na wa bara aanze Mpeketoni.

Ukiambiwa utakatwa kipande cha kupima, usikimbie. Hupigwa sindano ya ganzi mahali penyewe, hukatwa kijipande cha ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, hutiwa uzi mmoja au miwili, na unarudi nyumbani siku hiyo. Kukata hakuenezi saratani, ingawa wengi huogopa hivyo. Kipande huenda maabara, mara nyingi nje ya Lamu, na majibu huchukua muda. Kabla hujaondoka uliza mambo mawili: majibu yatarudi tarehe gani, na nambari ya simu ya kuuliza ni ipi. Ikibidi rufaa ya Mombasa, omba barua na nakala ya majibu yenyewe uibebe mkononi, ili wa huko wasilazimike kuanza kukata upya.